Jaketi okozi livaliwe kabla ya kusukuma mtumbwi: mwongozo kamili kwa wavuvi na wasafiri wa Ziwa Victoria

Majaketi yetu yalikuwa matano, mapya, rangi ya chungwa, na yote yalikuwa ndani ya kiroba kilichofungwa kwa kamba chini ya ubao wa omo, yaani mbele ya mtumbwi. Tajiri wa mtumbwi aliyanunua ili tupite ukaguzi, akatusihi tusiyachafue kwa dagaa. Usiku ule, nje kidogo ya kisiwa cha Ukara, wimbi lilitupiga ubavuni wakati tunavuta wavu, wote tumeegemea upande mmoja. Kati ya wimbi lile na sisi kuwa majini haukupita muda wa kutosha mtu kufungua fundo. Tulikuwa watano. Alfajiri mtumbwi wa wenzetu ulituokota wanne. Kiroba kilipatikana ufukweni siku ya tatu, fundo likiwa vilevile.

Tangu hapo kila ninapokaa na vijana wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, naanza na jambo hili: jaketi linavaliwa nchi kavu, kabla mtumbwi haujasukumwa, na linavuliwa mtumbwi ukishavutwa mchangani. Wengi hudhani watalivaa hatari ikija. Jaribu siku moja mchana, kwenye maji ya kifuani, mwenzako akiwa karibu: likamate jaketi, ingiza mkono mmoja, halafu wa pili, kisha funga mikanda. Utaona linavyopanda juu na kukukimbia, na mikono yote miwili ikishughulika nalo huna cha kukushikilia juu ya maji. Sasa weka giza, wimbi, koti la mvua mwilini na wavu miguuni.

Kwanza, lijue jaketi lenyewe

Ndani ya kola au mgongoni pana lebo. Isome kabla ya kulipa. Utaona namba yenye herufi N, yaani newtoni, ambayo ni kipimo cha nguvu ya kuelea. Kwa hesabu ya mwaloni, kila newtoni 10 ni sawa na kunyanyua kilo moja hivi. Mwili wa mtu unakaribia kuelea wenyewe, kwa hiyo kazi ya jaketi ni kukishikilia kichwa juu.

Lenye newtoni 50 ni la msaada tu kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na ufuko. Haligeuzi mtu aliyezimia. Akianguka kifudifudi atabaki kifudifudi. Lenye newtoni 100 lina kola nyuma ya shingo na sehemu kubwa ya sponji yake iko kifuani, kwa hiyo limeundwa kumgeuza mtu uso uangalie juu. Kwa mvuvi wa usiku na kwa abiria, usishuke chini ya 100. Newtoni 150 ni kwa maji yaliyochafuka kwa mawimbi, au kwa mtu anayevaa nguo nzito.

Lebo pia ina kilo za mvaaji. Hapa ndipo wazazi wanapokosea. Mtoto wa kilo 15 akivalishwa jaketi la baba yake, akiingia majini jaketi linabaki juu na yeye anateleza chini. Jaketi la mtoto ni la kilo zake, lina kola kubwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Huo mkanda usikatwe kwa sababu mtoto analalamika.

Yapo pia majaketi ya kujaza gesi, membamba na mepesi. Sisemi ni mabaya. Lakini ndoano moja au mwiba wa sangara hulitoboa, mtungi wake wa gesi unataka kukaguliwa mara kwa mara, na ukishatumika unabadilishwa. Kwa kazi yetu, sponji ni salama zaidi: likichanika kidogo bado linaelea.

Sokoni utakuta ya mtumba na yaliyoshonwa mitaani kwa turubai na maboksi ya povu jeupe. La mtumba linaweza kuwa zuri kuliko jipya, ili mradi ulipime. Lililoshonwa mtaani bila lebo, mimi simpi mtu.

Lipime, usiamini rangi

Kipimo cha kwanza ni cha kidole. Bonyeza sponji kwa dole gumba kwa nguvu, achia. Zima hurudi mara moja. Likibaki na shimo, au ukisikia ndani linasagika kama biskuti, limekufa. Jua, kukaliwa na kupakiwa chini ya mizigo ndivyo vinavyoliua, hata kama kitambaa bado kinang'aa.

Kipimo cha pili ni cha nanga. Chukua nanga ya chuma ya kilo 8, ifunge kwenye jaketi la newtoni 100 la mtu mzima, vitupe majini palipo na kina cha kiunoni. Chuma kikiwa majini hupungua uzito kidogo, kama sehemu moja kwa nane, kwa hiyo jaketi linabeba takribani kilo 7. Lililo zima litaibeba bila shida. Liache usiku kucha. Asubuhi likiwa limezama au linachungulia tu, sponji linanyonya maji. Usimpe mtu mwingine, likate ili lisirudi kwenye mtumbwi wowote.

Halafu vuta kila mkanda na ufunge na kufungua kila kifungo. Mshono ulioanza kuachia ushonwe kwa uzi wa nyavu. Kifungo kilichovunjika kisibadilishwe na kamba ya kufunga fundo, kwa sababu fundo lililolowa halifunguki haraka na lililokauka huteleza.

Namna ya kulivaa

Vaa juu ya koti la mvua, sio ndani. Funga zipu kama ipo, kisha mikanda kuanzia wa chini kiunoni kwenda juu. Kaza mpaka viganja viwili vilivyolala pamoja vipite kwa shida kati ya jaketi na kifua. Sasa mwambie mwenzako akamate mabegani na anyanyue kwa nguvu. Mabega ya jaketi yakifika masikioni, au kola ikikufunika mdomo, bado limelegea au ni kubwa kwako. Kwenye maji litafanya hivyohivyo, tena kwa haraka.

Filimbi iwe imefungwa kwa uzi begani, mahali mdomo unapofika bila mkono. Sauti ya mtu huisha baada ya muda mfupi wa kupiga kelele, filimbi haichoki. Mistari inayong'aa isifunikwe na tope wala rangi, kwa maana tochi ya mwokoaji inaitafuta hiyo.

Najua mtakavyosema: linanasa wavu, lina joto, linabana mikono wakati wa kuvuta. Ni kweli kwa yale manene ya kivuko yenye umbo la tofali kifuani. Tafuta la umbo la fulana, lililokatwa kwapa pana, na ncha zote za mikanda zinazoning'inia zikunje na kuzifunga kwa mpira wa ndani ya tairi. Baada ya usiku watatu au wanne wa kulivaa mwili hulizoea. Joto lake, saa tisa usiku wakati upepo wa baridi umeanza, utalishukuru.

Kabla ya kusukuma

Mtumbwi wa mbao ukijaa maji hauendi chini wote, ila injini huivuta chini tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, na omo peke yake ndiyo inayobaki juu. Chukua madumu mawili au matatu matupu ya lita 20, kaza vifuniko, yafunge kwa kamba imara chini ya mbao za kukalia, upande wa tezi na katikati. Kila moja linabeba karibu kilo 20. Mtumbwi uliojaa maji lakini ukaelea sawa ni kitu ambacho watu watano wanaweza kukishikilia mpaka asubuhi. Dumu la kushika mkononi ni msaada, lakini lisichukue nafasi ya jaketi: mkono ukichoka huachia, na mtu aliyezimia hana mkono.

Mafuta gawa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Kasia mbili ziwemo hata kama injini ni mpya. Chombo cha kukombea maji kifungwe kwa kamba ili kisielee kwenda zake. Beba plagi ya akiba na spana yake, nanga yenye kamba ndefu, tochi mbili na kamba ya kurusha ya mita 15 hivi yenye kidumu kidogo kichwani. Simu iwe kwenye pochi isiyopitisha maji, imeninginizwa shingoni ndani ya jaketi, betri imejaa. Kwa Tanzania namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Lakini kwanza kabisa hifadhi namba za manahodha watatu wa mwalo wenu na ya mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, maana ziwani anayefika mapema ni mvuvi. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao.

Mwachie mtu wa nchi kavu maneno manne: mko wangapi, mnaelekea wapi, mtarudi saa ngapi, na afanye nini saa hiyo ikipita. Mke, mchuuzi wa dagaa, mlinzi wa mwalo, yeyote anayeamka mapema. Nasi aliyetuokoa alikuwa mama mmoja mnunuzi aliyeona jua linachomoza na sisi hatujafika, akaamsha watu.

Mzigo nitausema mara moja. Mtumbwi uliopakia dagaa mpaka ukingo ubaki shubiri moja juu ya maji umeshazama, unasubiri wimbi. Mimi nataka shubiri mbili na zaidi ziwa likiwa shwari. Kwa abiria ni vivyo hivyo: Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa huku ufuko unaonekana. Usipande chombo ambacho huoni pa kuweka mguu. Ukipanda, omba jaketi kabla hakijaondoka na ulivae. Hakuna la kuonea aibu.

Lisome anga

Ziwa Victoria lina tabia yake na mvuvi wa dagaa anafanya kazi katikati ya tabia hiyo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo hutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati, unaisukuma juu hewa ya joto yenye unyevu iliyokaa juu ya maji, na hapo mawingu ya radi yanazaliwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, saa zilezile taa ziko majini na wavu umeshushwa. Jioni unayoondoka mwaloni inaweza kuwa safi kabisa na isikuambie lolote.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ileile. Ukiwa nje, tegemea macho na ngozi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie radi: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Chini ya sekunde 30 ni chini ya kilomita 10, na wingu linaweza kukimbia kuliko injini yako. Usisubiri kumaliza mvuto. Pandisha wavu au ukate, ondoka.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni ukimya. Upepo unakufa, mawimbi yanalala, dagaa wanazunguka taa vizuri, na watu wanafurahi. Kisha unasikia ubaridi shavuni, upande mmoja tu, kama mtu amefungua mlango wa chumba cha barafu. Ubaridi huo umeshuka kutoka kwenye wingu na unatangulia mbele ya dhoruba. Baada yake una dakika chache sana. Kila mtu akae, jaketi likazwe upya, taa na vijiti virefu vishushwe, mizigo isukumwe katikati na chini.

Ukiwa kazini

Asisimame zaidi ya mtu mmoja kwa wakati. Wakati wa kuvuta wavu, wawili wavute na mmoja akae upande wa pili kuusawazisha mtumbwi. Sisi hatukufanya hivyo. Haja ndogo ifanyike kwenye kopo mtu akiwa amekaa, kwa sababu kusimama ukingoni gizani ndiko kulikowapoteza wengi bila hata wimbi. Nahodha afunge mkononi ile kamba ya kuzimia injini, ili akianguka injini izime na mtumbwi usimwache. Gongo au pombe kali yoyote isiingie mtumbwini. Mwenye pombe hasikii baridi mpaka imemmaliza nguvu.

Dhoruba ikikukuta, omo ikabili wimbi kwa mshazari kidogo, mwendo mdogo, usimpe wimbi ubavu. Injini ikizima, funga ndoo au turubai kwa kamba ndefu omoni, litupe majini liburute: litaishikilia omo ikabili upepo. Watu wote wakae sakafuni. Maji yakombwe bila kusimama. Ikibidi kutosa dagaa, tosa mapema, mtumbwi ukiwa bado unatii.

Mtumbwi ukipinduka

Dakika ya kwanza usifanye kazi kubwa. Mshtuko wa maji unakufanya uvute pumzi kwa nguvu. Laza kichwa nyuma juu ya kola, tulia mpaka pumzi irudi. Kisha iteni majina, kila mmoja ajibu.

Baada ya hapo kaa na mtumbwi. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu yule wa tano wetu alikuwa mwogeleaji bora kuliko sisi wote. Aliona taa za Ukara, akasema zipo karibu, akaondoka. Usiku taa juu ya maji zinadanganya. Kilomita nne zinaonekana kama mia chache za mita. Mtumbwi uliopinduka ni mkubwa, unaonekana kutoka mbali, na unakushikilia. Kichwa cha mtu mmoja kwenye mawimbi hakionekani hata mchana.

Wenye nguvu kidogo wapande juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa mtumbwi ambao sasa uko juu, wengine washike ukingo kutoka pande zote mbili, mikono ikishikana juu yake. Kamba ikipatikana mfungane majaketi, msifunge kwenye wavu. Gambuti vueni: likijaa maji halikuvuti chini kama jiwe, ila linazuia kupiga miguu. Nguo zibaki mwilini.

Maji yetu si ya barafu, lakini yana baridi kuliko mwili, na mwili hupoteza joto majini haraka kuliko hewani. Baada ya saa kadhaa mtu hutetemeka, halafu huacha kutetemeka, halafu husinzia. Kwa hiyo msiogelee ovyo. Aliye peke yake apandishe magoti kifuani na kukumbatia. Mkiwa wengi, kumbatianeni vifua vigusane, mtoto au mgonjwa awe katikati. Zungumzeni. Filimbi ipulizwe mara tatu, pumzika, tena mara tatu. Tochi iwashwe ukisikia injini, isichomwe betri kwa kuogopa giza.

Ukimkuta mtu majini

Mtu anayezama hashiki kwa akili. Anakumbatia na kuzama nawe. Mnyooshee kasia. Kama hafiki, mrushie kamba yenye kidumu. Kuruka majini ni njia ya mwisho kabisa, ukiwa na jaketi na umefungwa kamba inayoshikwa na mwenzako. Injini izimwe kabla hajafika karibu na panga la injini. Mpandishe ubavuni, wawili wakimshika chini ya makwapa au mabega ya jaketi, na wengine wakiegemea upande wa pili.

Akiwa hapumui, acha kumning'iniza kichwa chini, acha kumkamua tumbo. Nimeona hayo yakifanywa kwa nia njema, na dakika zenye thamani zinapotea. Mlaze chali sehemu ngumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni ukiangalia kifua kikinyanyuka. Kisha weka viganja katikati ya kifua, bonyeza mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Endelea 30 kwa 2, mkibadilishana kila mnapochoka, mpaka apumue au mfike kwa wahudumu wa afya. Maji yakimtoka mdomoni, mgeuze upande, futa, rudi kazini.

Akipumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kitu kikavu. Akiamka na kusema yuko sawa, anataka kwenda kulala, usimkubalie. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye, wakati ameshafunga mlango na wote mmeondoka.